Somo: Kupendeza kwa nguo za kawaida, tuanze na mabega

Ndugu zangu, somo la leo ni la mwanamume anayetaka kupendeza siku zake za kawaida: akiwa matembezini, akienda kuonana na mchumba, akikaa na rafiki zake mwisho wa wiki. Suti sitaigusa. Suti ina kanuni zake, na mara nyingi anayekuuzia ndiye anayekupima. Fulana na suruali za jinsi (jeans) tunajichukulia wenyewe tu, ndiyo maana wengi wetu tunazivaa ovyo.

Mtu akiamua kubadilika hukimbilia rangi kali, nembo kubwa na maandishi kifuani. Mimi naona tofauti. Anayekutazama kwa mbali huona umbo kabla hajaona rangi wala nembo. Nguo ikikukaa sawasawa, fulana nyeupe isiyo na kitu inatosha kabisa. Isipokukaa, bei yake haitakusaidia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ndefu kuliko zote. Isome polepole, ikiwezekana ukiwa mbele ya kioo.

Hatua ya 1: Nguo ikukae

Tafuta kwa kidole ule mfupa ulio mwisho wa bega, pale mkono unapoanzia. Mshono wa bega unatakiwa uangukie hapo hapo. Ukiteremka kuelekea mkononi, bega linaonekana limelegea na mwili wote unaonekana umechoka. Ukipanda kuelekea shingoni, nguo ni ndogo na itakukata kwapani. Naanza na bega kwa sababu ndilo gumu kurekebisha. Fundi anaweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono na kupandisha pindo bila taabu, lakini bega likikosea inabidi afumue mkono, akate, aushone upya, na bado lisikae vizuri. Bega likikataa, irudishe nguo ulipoitoa hata kama umeipenda rangi yake. (Zipo fulana zilizoshonwa makusudi bega lidondoke. Huo ni mtindo wake na unahitaji kuzoewa. Anayeanza aziache kwanza.)

Bega likikubali, nenda kifuani. Funga vifungo vyote, kaa chini, vuta mabega nyuma. Kitambaa kikijivuta hadi kuacha uwazi kati ya kifungo na kifungo, shati linabana. Sasa shika kitambaa cha ubavuni kwa vidole: ukikamata kidogo, sentimita 5 au zaidi kidogo, uko pazuri, ukikijaza kiganjani, linapwaya.

Mkono wa fulana uishie karibu na katikati ya msuli wa juu. Ukikaribia kiwiko, mkono wako utaonekana mfupi na mwembamba kuliko ulivyo. Kwa urefu, shati la kuachia nje liishie karibu na katikati ya zipu. Inua mikono yote juu: tumbo likibaki wazi, ni fupi mno. Halafu tazama pindo lake. Lililokatwa kwa mviringo, refu mbele na nyuma na fupi ubavuni, kwa kawaida limeshonwa kwa ajili ya kuchomekea. Lenye pindo lililonyooka ni la kuachia. Wengi huachia lile la kuchomekea, kisha wanashangaa kwa nini wanaonekana wamevaa kanzu fupi.

Suruali ikae kiunoni bila mkanda. Mkanda ni wa kushikiza tu, haukuwekwa kuziba kosa la kipimo. Mifuko ya pembeni ikijifungua yenyewe ukiwa umesimama, nyonga zinabanwa. Ndani ya chumba cha kujaribia usisimame tu kama unapigwa picha: kaa, chuchumaa, piga hatua ndefu, kwa sababu ndivyo utakavyoivaa. Chini, pindo liguse kiatu na kujikunja mara moja kwa wepesi, au lisijikunje kabisa. Kitambaa kikirundikana juu ya kiatu, miguu inafupika na hata suruali mpya inaonekana ya kuazima.

Hatua ya 2: Uwe na fundi

Ukinihoji nikupe neno moja tu, nitakuambia tafuta fundi cherehani anayejua kazi yake. Nguo za dukani hushonwa kwa vipimo vya mtu asiyekuwepo. Kiuno chako kinaweza kuwa cha namba moja na mapaja ya namba nyingine. Nunua inayokaa sehemu kubwa zaidi ya mwili, kisha fundi apunguze palipobaki.

Ukienda kwake, vaa viatu utakavyovalia suruali hiyo, maana urefu wa soli hubadilisha urefu wa pindo. Na kabla ya kukata chochote, fua nguo ya pamba walau mara moja, ikiwezekana mbili. Nyuzi za pamba huvutwa zinapofumwa na kunyooshwa kiwandani. Zikipata maji na joto hulegea na kurudi. Suruali iliyokatwa kabla haijafuliwa inaweza kukuishia juu ya kifundo baada ya wiki chache.

Hatua ya 3: Rangi

Hapa sitakaa sana. Anza na rangi tulivu: nyeupe, kijivu, nyeusi, buluu iliyokolea, kaki, kijani cha jeshi. Hizi hazigombani, unaweza kuzichanganya hata ukivaa gizani. Rangi inayoita macho iwe moja tu kwa wakati. Kabla ya kulipa, sogea na nguo mlangoni uione kwa mwanga wa jua. Taa za dukani hudanganya, na watu wengi wamenunua buluu wakidhani ni nyeusi.

Hatua ya 4: Kabati la kuanzia

Huhitaji nguo nyingi. Fulana tatu zisizo na maandishi. Shati moja la mikono mirefu, la pamba. Fulana moja yenye kola. Jinsi moja. Suruali moja ya kadeti, ya kaki au buluu iliyokolea. Raba safi zisizo na mbwembwe. Ukipata baridi, ongeza jaketi jepesi.

Kwenye fulana, angalia uzito wa kitambaa. Baadhi ya watengenezaji huuandika kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kati ya 160 na 200 ni uzito mzuri: hakionyeshi chuchu wala vesti, na hakilali juu ya tumbo kikafuata kila mkunjo. Usipouona umeandikwa, ingiza mkono wako ndani ya fulana. Ukiona vidole vyako vizuri, iache.

Fulana ya kola naipenda kwa sababu ilizaliwa uwanjani. Mcheza tenisi wa Ufaransa, René Lacoste, alivaa ya mikono mifupi katika mashindano ya Marekani mwaka 1926, wakati wenzake walikuwa bado wanacheza na mashati ya mikono mirefu. Inakupa kola bila ugumu wa shati, kwa hiyo inakufaa pale usipojua wenzako watakuja wamevaaje.

Jinsi nayo ni nguo ya kazi tangu mwanzo. Mei 20, 1873, mfanyabiashara Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) Marekani ya kukaza kona za mifuko kwa ribiti za shaba, vile vijipini vya kugongelea, kwa sababu suruali za vibarua zilikuwa zinachanika hapo. Zile ribiti ndogo bado zipo kwenye suruali yako. Chagua jinsi ya buluu iliyokolea, isiyochanwa wala kupaushwa mapajani. Hiyo unaivaa mchana kwa raba na fulana, na jioni unaivalia shati na viatu vya ngozi. Ikiwa na asilimia 1 au 2 ya nyuzi za kuvutika, itakupa nafasi ya kukaa bila kukubana.

Saa, kofia, cheni: kimoja au viwili, basi.

Hatua ya 5: Kutunza

Hapa ndipo wengi wanapopoteza walichokipata. Nguo nzuri ikifuliwa vibaya mara chache tu inakuwa tambara.

Tazama shingo ya fulana yako ya zamani. Imepanuka na kujikunjakunja, sivyo? Hiyo mara nyingi huletwa na kuivua kwa kuvuta kola, na kuianika ikiwa imelowa huku maji yakiivuta chini. Ivue kwa kushika pindo la chini. Ianike kwa kuikunja katikati juu ya kamba, kivulini. Ikikauka ikunje uiweke kabatini, usiitundike.

Jinsi igeuze ndani nje, fua kwa maji ya baridi au yasiyozidi nyuzi joto 30 za Selsiasi. Rangi ya buluu ya jinsi hukaa juu ya uzi tu, haiingii hadi katikati, kwa hiyo kila msuguano unaitoa. Haihitaji kufuliwa kila ukiivaa. Ipitishe hewa, na doa dogo lifute kwa kitambaa chenye maji. Ikiwa mpya, ifue peke yake, maana itachuja.

Njano ya kwapani kwenye nguo nyeupe hutokana zaidi na jasho kukutana na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho. Paka, subiri ikauke, ndipo uvae. Njano ikishaingia, usikimbilie dawa ya klorini, inaweza kuizidisha. Loweka mapema, ukifika tu nyumbani, kabla haijazeeka ndani ya uzi.

Na pasi. Shati lipigwe likiwa na unyevu kidogo: kola kwanza, kisha mabega, mikono, mwisho kifua na mgongo. Ukianza na kifua utakikunja tena wakati wa kupiga mikono.

Hatua ya 6: Kabla ya kutoka

Toa vitu mifukoni. Simu, pochi nene na bunda la funguo huharibu umbo ulilolihangaikia tangu hatua ya kwanza. Tazama kucha, futa viatu, geuka uone mgongo wako kwenye kioo. Nenda.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka, mimi nina kitambi. Si bora nivae nguo kubwa nifiche?

Hapana, ndugu yangu. Nguo kubwa hukuongezea upana mwili mzima, hata pale usipokuwa nao. Nunua inayokukaa mabegani, kisha hakikisha haikugandi tumboni. Kitambaa kizito kidogo ni rafiki yako. Suruali ikae kiunoni, usiishushe chini ya tumbo, maana ukishusha unalitangaza. Na jaribu kuvaa shati wazi juu ya fulana ya rangi iliyokolea: ile mistari miwili ya shati inayoteremka mbele hupunguza upana machoni.

Mkuu, mimi ni mfupi. Nifanyeje nisionekane mfupi zaidi?

Fupisha kila kitu kwa fundi. Kwa mtu mfupi, sentimita mbili za ziada kwenye pindo au mkono zinaonekana sana. Usivae shati linalofika katikati ya paja. Suruali na sehemu ya juu zikikaribiana rangi, jicho halikatwi katikati ya mwili. Kukunja pindo la suruali kwa upana usifanye, na suruali ya kukaa juu kidogo kiunoni itakurefusha miguu.

Na sisi wembamba? Nguo zote zinanipwaya, nikivaa za kubana naonekana mti.

Za kubana sana ziache, zinaonyesha mifupa. Tafuta zilizonyooka, zenye kitambaa kinachosimama chenyewe: jinsi nzito, shati la pamba nene. Vaa tabaka mbili pale hali ya hewa inaporuhusu, mfano fulana na jaketi jepesi. Mikono ya fulana ikikupwaya, fundi aipunguze, ni kazi ndogo na tofauti yake utaiona mara moja.

Mkanda lazima ufanane na viatu?

Ukivaa viatu vya ngozi, ndiyo, vikaribiane: kahawia na kahawia, nyeusi na nyeusi. Ukivaa raba usijisumbue. Kwa jinsi, mkanda wa upana wa sentimita 3.5 hadi 4 unajaza vizuri vitanzi vya kupitishia mkanda. Mwembamba wa suti unaonekana umepotea njia.

Samahani mwalimu, nina miadi ya kwanza na binti ninayempenda. Nivae nini?

Hongera. Vaa kitu ulichokwisha kukivaa siku nyingine na ukajisikia vizuri nacho. Siku hiyo usijaribu nguo mpya wala viatu vipya, utakuwa unavuta kola na kuchechemea badala ya kumsikiliza. Usipojua mnakokwenda kuko vipi, jinsi iliyokolea, shati lililopigwa pasi na mikono iliyokunjwa hadi chini kidogo ya kiwiko vinafaa karibu kila mahali. Manukato mara mbili tu, kwenye ngozi. Aliye karibu nawe ndiye ayasikie, si chumba kizima.

Sina pesa ya kununua vyote hivyo kwa mpigo. Nianze na nini?

Usinunue chochote kwanza. Toa nguo zako zote, zivae moja moja mbele ya kioo ukitumia vipimo vya hatua ya kwanza, uzipange mafungu matatu: zinazokukaa, zinazoweza kwenda kwa fundi, na zilizokataa bega. Fungu la kwanza fua na upige pasi vizuri. La pili peleka mbili mbili kadiri mfuko unavyoruhusu, ukianza na suruali unayoivaa mara nyingi zaidi. La tatu mpe mwenzako ambaye zitamkaa. Utakachokiona kinapungua baada ya hapo ndicho ununue, na kwa wengi huwa ni fulana nzuri mbili na raba.