Geuza pakiti kabla hujafunga mzigo wa Mtwara

Likizo ikikaribia, wengi wetu wa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, tunaoishi nje ya nchi tunaanza kujaza begi biskuti, keki za pakiti na maziwa ya unga ya kuwekea chai. Nyumbani wazee wanapokea kwa furaha, na wengi wao tayari wana presha au sukari. Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu, kabla ya kulipa, soma nyuma ya pakiti.

La kuogopa kwanza ni mafuta ya transi ya kiwandani: mafuta ya mimea yaliyopitishiwa hidrojeni ili yagande na yakae muda mrefu bila kuharibika. Yanapandisha lehemu (kolesteroli) mbaya na kushusha ile nzuri, na moyo ndio unaoumia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka kwa siku yasivuke takribani gramu 2.2 kwa mtu mzima.

Denmark iliweka ukomo mwaka 2003: gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Umoja wa Ulaya ukafuata kiwango hichohicho kuanzia Aprili 2021. Kwa walioko Uarabuni, Saudia ni kati ya nchi 5 za kwanza kuthibitishwa na WHO, Januari 2024, kwamba zimefanikiwa kuyadhibiti.

Marekani inahitaji macho zaidi. Tangu 2006 lebo lazima itaje transi, na kuanzia 2018 viwanda vilianza kuzuiwa kutumia mafuta yaliyogandishwa nusu. Lakini kipimo kimoja cha kula, "serving", kikiwa na chini ya nusu gramu ya transi, kampuni inaruhusiwa kuandika 0. Na kipimo hicho kinaweza kuwa biskuti mbili tu, au kijiko kidogo cha yale maziwa ya unga ya chai. Mtoto akimaliza nusu pakiti, sifuri ile haipo tena. Usiishie kwenye jedwali la namba, shuka hadi kwenye orodha ya viambato. Ukikuta "partially hydrogenated", yaani yaliyogandishwa nusu, rudisha pakiti rafuni, hasa kwenye maduka ya bidhaa za kutoka nje, kwa sababu si kila nchi ina sheria kali.

Ulaya na Uingereza hutaona mstari wa transi kwenye lebo. Hapo tazama mafuta yanayoganda, "saturates", ambayo nayo huongeza lehemu mbaya. Uingereza, pakiti nyingi zina rangi kwa mbele, ingawa kampuni hailazimishwi kuziweka. Nyekundu kwenye "saturates" maana yake chakula kina zaidi ya gramu 5 za mafuta hayo kwa kila gramu 100. Kwa mzee mwenye presha, mimi nyekundu siibebi.

Nyumbani kuna jambo jingine, na hili linaniuma zaidi: mafuta ya kupima. Yanachotwa kwenye dumu, hayana lebo, huwezi kujua yametoka wapi. Kisha yanakaangia samaki leo, mihogo kesho, mpaka yanakuwa meusi na kutoa povu. Mafuta yakichemshwa mara nyingi namna hiyo yanaharibika, hata kama mwanzoni yalikuwa mazuri. Mpigie mama umwambie: "Mama, yakishakuwa meusi yamwage, hela ya mengine nitatuma."

Nazi nisiikashifu, mchuzi wetu haukamiliki bila tui. Ila mafuta yake mengi ni ya kuganda, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo apunguze tui zito. Korosho, karanga na ufuta, ambavyo Kusini tunavyo kwa wingi, mafuta yake mengi ni yale yanayofaa moyo, mradi korosho zisijae chumvi.

Badala ya kilo tano za biskuti, tuma hela ya mafuta ya alizeti. Mwambie mdogo wako anayekwenda dukani achukue chupa iliyofungwa, yenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya kutumia, kisha akupigie picha ya lebo kabla ya kulipa.