Mipangilio ya dconf isipowafikia watumiaji, angalia ruhusa ya faili

Katika maabara moja ya kompyuta hapa Tabora, mipangilio ya pamoja ya GNOME (mazingira ya eneokazi ya Linux, ambayo huhifadhi mipangilio yake kwa dconf) ilikuwa imeandikwa vizuri ndani ya /etc/dconf/db/local.d na amri ya dconf update ilimalizika bila kulalamika, lakini hakuna mwanafunzi aliyeiona kwenye akaunti yake. Kabla ya kuhariri chochote, endesha ls -l /etc/dconf/db/local, faili ambalo dconf update hulitengeneza kutokana na local.d na ambalo akaunti za watumiaji husoma. Ukiona -rw-------, basi ni root (msimamizi mkuu) peke yake anayeweza kulisoma faili hilo. Toa amri hii:

sudo chmod 644 /etc/dconf/db/local

Kisha watumiaji watoke na kuingia upya. Hata hivyo, dconf update huliandika faili hilo upya kila mipangilio inapobadilika, na umask (thamani inayoamua ni ruhusa zipi faili jipya linanyimwa) kali kama 077, ambayo wasimamizi wengi huiweka kwa ajili ya usalama, inaweza kulifunga tena. Kwa hiyo masasisho yajayo yafanyike hivi:

sudo sh -c 'umask 022; dconf update'

Usikimbilie 777, kwa sababu mtumiaji yeyote ataweza kuwabadilishia wenzake wote mipangilio. Dawa hii haitafaa kitu ikiwa /etc/dconf/profile/user haina mstari wa system-db:local, au ikiwa saraka ya /etc/dconf/db yenyewe imefungwa (hiyo huhitaji 755). Vilevile, mtumiaji aliyekwisha kujichagulia thamani yake ataendelea kuiona hiyo hiyo, mpaka ufunguo (jina la mpangilio) husika uorodheshwe ndani ya local.d/locks.