Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Habari za Askari wa Kawaida wa Kiingereza Nchini India

Anayetaka kuandika maisha ya askari asiye na cheo aliyepelekwa India enzi za ukoloni, awe ni babu wa ukoo au mhusika wa hadithi, hana budi kuanza na mwaka. Askari wa 1840 na yule wa 1895 waliishi wote chini ya Malkia Victoria, lakini walitofautiana kwa safari, kwa muda wa utumishi na hata kwa matumaini ya kurudi kwao wakiwa hai.

Baada ya mwaka, utafute mwajiri. Hadi 1858 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, kampuni ya biashara iliyotawala sehemu kubwa ya India, ilikuwa na vikosi vyake yenyewe vya Wazungu, mbali na vile vya jeshi la Uingereza vilivyopelekwa huko kwa zamu. Serikali ilipoichukua India baada ya uasi wa askari wa Kihindi wa 1857, askari wengi wa Kizungu wa Kampuni waligoma kuhamishiwa jeshi la Malkia bila kuulizwa wala kulipwa chochote cha kujiandikisha upya, na takriban 10,000 wakaruhusiwa kuacha kazi. Nyaraka za Kampuni zimo British Library mjini London, ilhali za jeshi la Uingereza zimo katika hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Kew, London, kwa hiyo anayekosea mwajiri hutafuta mahali ambapo mtu wake hayupo kabisa. Uzingatie pia kwamba huyo "Mwingereza" huenda alikuwa Muayalandi, kwani mnamo 1830 Waayalandi walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya jeshi hilo.

Kabla ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za tanga zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi minne au zaidi. Wake walioruhusiwa kusafiri na vikosi walikuwa wachache, na waliobaki waliachwa bandarini bila mategemeo ya kueleweka.

Suala la afya lisipitwe juu juu. Tume ya kifalme iliyotoa ripoti mwaka 1863 ilikuta kwamba kila mwaka walikufa askari 69 kwa kila 1,000, na wengi wao hawakuuawa vitani bali kwa kipindupindu, homa, kuhara damu na maradhi ya ini. Usimfanye askari wa 1860 amwogope mbu kwa sababu ya malaria, maana ni mwaka 1897, huko Secunderabad, ambapo Ronald Ross aliona vimelea vya ugonjwa huo ndani ya mbu.

Siku ya kawaida nayo ina mambo yake. Wakati wa joto kali askari walifungiwa kambini saa nyingi za mchana, wamelala chini ya pepeo kubwa la kitambaa lililovutwa kwa kamba na kibarua wa Kihindi aliyeketi nje. Uchovu wa kukaa bure ukawasukuma wengi kwenye ulevi. Kinyozi aliwanyoa ndevu alfajiri wakiwa bado kitandani, dobi akafua, na mchukuzi wa maji akapita na kiriba chake. Mtu aliyekuwa fukara Uingereza alijikuta akihudumiwa na watu fukara kuliko yeye, na mwandishi mwadilifu hawezi kuwaacha hao nje ya habari yake.

Hofu nayo ilikuwa na mwaka wake. Uasi wa askari wa Kihindi ulizuka Meerut, kaskazini mwa India, Jumapili ya Mei 10, 1857, askari wa Kiingereza wakijiandaa kwenda ibada ya jioni. Ndiyo maana baadaye waliingia kanisani na bunduki zao, na viti vya baadhi ya makanisa ya kambini vikakatwa mianya ya kuzisimamishia.

Mwisho, usitegemee barua peke yake, kwa kuwa askari wengi wa nusu ya kwanza ya karne ya 19 hawakujua kuandika. Ni afadhali kuanza na daftari za mazishi za Bengal, Madras na Bombay, majimbo matatu ya utawala wa Kiingereza nchini India, ambamo mara nyingi huandikwa jina, umri, kikosi na sababu ya kifo, pamoja na majina ya wake na watoto wengi waliozikwa huko huko.