Kuhamisha busta ya Land Cruiser 60 kwenda Land Cruiser 40

Land Cruiser za BJ40, FJ40 na HJ47 zinazofanya kazi mkoani Tanga, mashambani kwenye mkonge au kwenye milima ya Amani na Lushoto, nyingi zina busta ndogo (kopo linalotumia mvuto wa hewa, yaani vakyumu, kuongeza nguvu ya mguu kwenye breki) ya diaframu moja, yaani utando mmoja wa mpira ndani yake. Nyingine hazina busta kabisa. Ukizifunga tairi pana na kuzipakia mzigo, dereva anakanyaga kwa nguvu zote na gari bado linatembea. Dawa iliyozoeleka ni busta ya Land Cruiser 60 yenye diaframu mbili. Inafaa, lakini bolti kuingia kwenye matundu hakuthibitishi kwamba busta imekubali. Kinachoamua ni masta silinda iliyo mbele yake, inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni, na urefu wa rodi inayoisukuma masta hiyo.

Nunua busta na masta yake pamoja, kutoka gari moja. Ukipata busta kwa muuzaji mmoja na masta kwa mwingine, umejinunulia kazi ya vipimo ambayo ungeweza kuiepuka.

Spea ya mtumba iliyokaa pwani ikague kwa makini. Pitisha kidole kwenye mshono unaounganisha vipande viwili vya kopo la busta. Chumvi ya bahari huanzia kula hapo, na tundu dogo kama la sindano linatosha kupoteza vakyumu. Toa masta, umulike tochi ndani ya tundu. Ukiona unyevu mweusi, sili ya nyuma ya masta imevujisha mafuta ya breki ndani, na mafuta hayo huharibu mpira wa diaframu. Iache, hata ukipewa kwa bei ya bure.

Kisha ijaribu kabla hujalipa. Rudisha masta ikazwe mahali pake, unganisha hosi ya busta na gari lolote linalowaka, acha injini ingurume dakika mbili, zima, subiri dakika kumi, halafu chomoa valvu ya njia moja, pale hosi inapoingia kwenye busta. Busta nzima itavuta hewa kwa mlio wa "fsss". Ikikaa kimya, inapitisha hewa. Usiifungue kujaribu kuitengeneza: ndani kuna springi yenye nguvu, na kopo likifyatuka linaumiza.

Sasa vipimo, kabla ya kugusa spana. Kwenye busta ya zamani na mpya pima umbali kati ya stadi nne, wima na ulalo. Kipenyo cha kopo. Umbali kutoka uso wa busta hadi katikati ya tundu la pini kwenye uma wa pedali, yaani kipande kinachounganisha rodi ya nyuma ya busta na pedali. Na unene wa pini yenyewe. Halafu angalia nafasi. Busta kubwa huwahi kugonga masta ya klachi, na masta ndefu inaweza kukaribia mno kava ya injini au chujio la dizeli. Funga bonneti taratibu ukiwa umeweka udongo wa kuchezea watoto juu ya kopo, uone unabaki na unene gani. Injini hutikisika kwenye mipira yake, kwa hiyo acha angalau sentimita mbili pande zote.

Stadi zisipolingana, usitanue matundu ya bodi (ukuta kati ya injini na dereva) kwa tindo. Tengeneza bamba la chuma la milimita 6, lenye matundu ya zamani na mapya, likae kati ya busta na bodi. Kumbuka kwamba bamba limeisogeza busta mbele milimita 6, na uma wa pedali lazima urudishwe nyuma kiasi hichohicho. Bodi yenye kutu chini ya rangi ichomelewe kwanza. Bodi laini hujikunja unapokanyaga, na pedali itaonekana ina upepo (hewa ndani ya mafuta ya breki) wakati mafuta hayana kosa.

Kuhusu masta, angalia kipenyo cha pistoni. Mara nyingi kimeandikwa ubavuni kwa inchi: 7/8, 15/16 au 1. Ukitoka 7/8 kwenda 1, masta inasukuma mafuta zaidi kwa takriban asilimia 30 kwa mwendo uleule wa pedali, ila shinikizo linashuka kwa takriban asilimia 23 kwa nguvu ileile ya mguu. Ndiyo maana masta kubwa bila busta kubwa hufanya breki kuwa ngumu, na busta kubwa juu ya masta ndogo hufanya pedali izame.

La pili kwenye masta ni valvu ya kubakiza shinikizo. Masta za ngoma mbele na nyuma huwa na valvu hiyo kwenye tundu la kutokea mafuta, ili vikombe vya mpira vya silinda za magurudumu visirudi na kunyonya hewa. Ukiipeleka masta hiyo kwenye gari lenye diski mbele, pedi hazitaachia. Ukifanya kinyume chake, ngoma zitataka kukanyagwa mara mbili ndipo zishike. Aina ya breki za magurudumuni ndiyo ichague masta.

Tunafika kwenye rodi, na hapa usiwe na haraka. Kati ya ncha ya rodi ya busta na shimo la pistoni ya masta panatakiwa uwazi mdogo sana, takriban nusu milimita busta ikiwa haina vakyumu. Injini ikiwaka, uso wa kopo huvutwa ndani kidogo na uwazi huo unaelekea sifuri. Hiyo ndiyo hali inayotakiwa.

Pima kwa venia (kalipa ya kupimia milimita) yenye mkia wa kina. Weka gasketi ya masta kwenye busta, pima rodi imetokeza kiasi gani kutoka usawa wa gasketi. Kisha pima kutoka uso wa masta unaogusa gasketi hadi chini ya shimo la pistoni. Toa cha kwanza kwenye cha pili. Kinachobaki ndicho uwazi. Hakikisha kwa njia ya pili: bandika udongo wa kuchezea kidogo ndani ya shimo la pistoni, funga masta kwa mkono, ifungue, upime unene uliobaki, kisha safisha wote. Rekebisha kwa kuzungusha skrubu ya ncha ya rodi, robo mzunguko kila mara.

Rodi ikiwa ndefu, gari litatoka gereji likiwa zuri. Pistoni hairudi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, mafuta yanapata joto na kutanuka, na baada ya kilomita chache magurudumu yanajikaza yenyewe. Pedali inakuwa juu na ngumu kama jiwe. Gari likikufanyia hivyo, simama, weka kizuizi cha gurudumu, legeza nati za masta mizunguko michache. Magurudumu yakiachia, kosa ni rodi. Yasipoachia, fungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya gurudumu lenye moto: likiachia, mafuta yamezuiliwa njiani, mara nyingi na hosi iliyovimba ndani, lisipoachia, kalipa au silinda imeganda. Rodi ikiwa fupi, pedali inashuka sana kabla ya kushika, na mafundi wengi hutoa upepo mara tatu bila mafanikio.

Upande wa pedali una hitilafu inayofanana. Uma ukiwa umekazwa mbele mno, au swichi ya taa za breki ikiisukuma pedali, valvu ya busta inabaki wazi: unasikia mluzi miguuni na breki zinavuta. Acha mchezo wa milimita 3 hadi 6 juu ya pedali, kisha urekebishe swichi.

Vakyumu kwenye FJ40 ya petroli hutoka kwenye manifoldi. Kwenye injini za B na 2H hutoka kwenye pampu iliyo nyuma ya alteneta, na hapo ndipo watu huumia. Fundi umeme akifunga alteneta isiyo na pampu, taa zinawaka na betri inachaji, lakini busta haipati kitu. Funga geji kwenye hosi: injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, isome 500 mmHg au zaidi. Tumia hosi nene ya vakyumu. Hosi laini ya maji hujikunja ikinyonywa.

Kufunga sasa ni kazi fupi. Nati za busta na za masta, za M8, zikazwe takriban Nm 13; nati za paipu takriban Nm 15. Paipu za Toyota ni za M10 x 1.0 zenye mdomo uliokunjwa mara mbili. Usichukue paipu ya Land Rover ya zamani yenye nyuzi za 3/8 UNF: inaingia, inaonekana imekaza, kisha inavua nyuzi. Paipu mpya ziwe za kopa-nikeli, maana za chuma hazidumu kwenye hewa ya Tanga.

Kabla ya kuifunga masta, ijaze DOT 3 au DOT 4 na uitoe upepo mezani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo nunua chupa mbili za nusu lita zilizofungwa, usitumie iliyobaki mwaka jana. Rekebisha viatu vya ngoma kwanza. Ngoma za mbele zenye silinda mbili zirekebishwe zote mbili. Kisha toa upepo kuanzia gurudumu la mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Jaribu gari likiwa limesimama. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano, shikilia, washa: pedali ishuke kidogo. Kanyaga injini ikiwaka, izime bila kuachia, subiri sekunde 30: isisogee. Baada ya hapo endesha kilomita kumi kwenye barabara tambarare na uguse kila ringi kwa tahadhari. Lenye moto kuliko mengine lina kosa.

Mteremko wa Lushoto hadi Mombo uwe jaribio la mwisho, gari likiwa tupu na gia ikiwa chini. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya huko hupunguza msaada wa busta kwa takriban asilimia 15. Usizime injini ukiteremka: akiba ya busta hutosha kukanyaga mara mbili au tatu tu. Ukifika Mombo, pima moto wa ringi upya, angalia kama kuna mafuta chini ya masta, na siku ya pili rudia kukaza nati zote kwa kipimo kilekile.