Namna ya Kuchagua Skana ya Kutambua Vitambulisho vya Kughushi

Kabla hujaulizia bei ya skana yoyote, chukua daftari, uliweke kwenye kaunta ya mapokezi kwa siku saba, na umwombe mhudumu aandike aina ya kila kitambulisho kinacholetwa. Nyumba ya kulala wageni iliyo jirani na stendi ya Moshi itakuta kwamba wengi huleta kitambulisho cha Taifa, cha mpiga kura au leseni ya udereva, ilhali hoteli ya Arusha inayopokea watalii na wajumbe wa mikutano ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha jijini humo, itajaza daftari hilo kwa pasipoti, pamoja na vitambulisho vya Kenya vya wageni waliopitia mpaka wa Namanga. Daftari hilo ndilo litakalokuongoza dukani, kwa sababu kifaa kinachosoma pasipoti vizuri sana huenda kisikusaidie lolote mbele ya leseni.

Jambo la kwanza la kuelewa, na ndilo linalowagharimu wengi, ni kwamba kusoma kitambulisho si sawa na kukihakiki. Ofisi niliyofanyia kazi, iliyokuwa ikikodisha magari mjini Arusha, ilinunua skana iliyonakili jina, namba na picha kwa sekunde chache, na sote tukaamini kwamba tumelindwa. Siku moja tulikabidhi gari kwa mtu mwenye leseni ya kughushi, na skana ile iliisoma leseni hiyo bila kusita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutambua herufi tu, na herufi zilichapishwa vizuri. Gari lilipatikana baada ya wiki kadhaa likiwa limeharibika. Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa muuzaji ni hili: kifaa chako kinachunguza nini ambacho jicho langu haliwezi kukiona?

Jibu la maana huanzia kwenye mwanga. Skana ya uhakiki hupiga picha ya waraka uleule kwa mwanga wa kawaida, kwa mwanga wa urujuanimno (UV) na kwa mwanga wa infraredi, ambayo yote miwili jicho haliioni. Karatasi ya kawaida ya ofisini hutiwa kemikali za kuongeza weupe, kwa hiyo chini ya urujuanimno hung'aa kwa rangi ya samawati, wakati karatasi ya pasipoti halali hubaki imefifia na michoro yake iliyofichwa ndiyo inayojitokeza. Chini ya infraredi, baadhi ya wino hupotea kabisa, lakini maandishi ya mistari inayosomwa na mashine, iliyo chini ya ukurasa wenye picha, hutakiwa kubaki yakionekana wazi. Mwenye kughushi kwa printa ya kawaida hupata shida kubwa kuiga tabia hizi zote kwa pamoja. Skana yenye mwanga mmoja tu, hata ikiwa na kioo kikubwa na cha kupendeza, mimi nisingeinunua kwa kazi hii.

Mistari hiyo inayosomwa na mashine ina ulinzi mwingine ambao programu ya skana inapaswa kuukokotoa. Katika pasipoti huwa miwili, kila mmoja ukiwa na herufi na alama 44, na ndani yake zimo tarakimu za ukaguzi. Chukua tarehe ya kuzaliwa 12 Aprili 1985, inayoandikwa 850412. Kila tarakimu huzidishwa kwa 7, 3 na 1 kwa zamu. Majibu yakijumlishwa hupatikana 104, na tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo, yaani 4, ndiyo huandikwa mara baada ya tarehe. Mtu akibadilisha mwaka uwe 1983, jumla inakuwa 98 na tarakimu inayotakiwa ni 8, hivyo akiiacha ile 4 mahali pake anajifichua mwenyewe. Mghushi mjuzi anaweza kuirekebisha, ndiyo maana ukaguzi huu hautoshi peke yake.

Kwa pasipoti za kielektroniki, ambazo Tanzania ilianza kuzitoa mwaka 2018, tafuta kifaa kinachosoma chipu na kuhakiki saini ya kidijitali ya nchi iliyoitoa, yaani alama ya kielektroniki inayoonyesha kwamba taarifa za chipu hazijabadilishwa. Kusoma picha iliyomo kwenye chipu bila kuhakiki saini ni nusu ya kazi.

Kuhusu kitambulisho cha Taifa, uwe mwangalifu na muuzaji anayedai kwamba skana yake "imeunganishwa na NIDA", yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Benki na kampuni za simu huhakiki alama za vidole kwenye kanzidata ya mamlaka hiyo kwa utaratibu rasmi, na uunganishwaji huo hauji ndani ya boksi la kifaa. Mwombe nyaraka. Programu yenyewe inaweza tu kulinganisha tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa na tarakimu nane za mwanzo za namba yenye tarakimu 20, na hata hilo lina faida yake. Uliza pia kama hazina yake ya sampuli ina vitambulisho vya Tanzania na majirani zetu, na masasisho yake hulipiwa kiasi gani kwa mwaka.

Usilipe kabla ya kujaribu kwenye kaunta yako. Pitisha kitambulisho chako halisi, kisha kivuli cha rangi cha kitambulisho hichohicho, ambacho utakichana baadaye. Skana ikikubali vyote viwili, mrudishie muuzaji. Izime intaneti na uone ni ukaguzi gani unaoendelea, maana umeme na mtandao hukatika wakati mgeni amesimama mbele yako.

Mwulize pia picha za wageni huhifadhiwa wapi na hufutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana wewe unayezikusanya.

Hatimaye, mfundishe mhudumu kwamba kitambulisho halali kinaweza kushikwa na mtu asiye mwenyewe. Amwombe mgeni avue miwani na kofia, alinganishe masikio, pua na umbali wa macho na picha, na skana ikitoa onyo asimtuhumu mgeni hadharani, bali aombe kwa upole waraka wa pili na amwite msimamizi.