Jinsi ya kuomba kibali cha kwenda Bonde la Tsum, Nepal

Pale geti la Marangu, Kilimanjaro, Mwafrika Mashariki hulipia mlima kwa shilingi huku mgeni aliye nyuma yake akihesabu dola. Nepal mambo yanageuka. Bei ya nafuu ni ya majirani zao wa Asia Kusini, na wewe uliyetoka Moshi, Kisumu au Bukavu unapanga foleni moja na Mjerumani. Ukilizoea hilo mapema, maumivu ya mfuko yanapungua.

Mwongozo huu ni wa Bonde la Tsum, wilaya ya Gorkha, kaskazini mwa Nepal kuelekea mpaka wa Tibet. Wengi wanaotaka Himalaya hukimbilia njia ya Everest. Mimi nawaambia wanaotaka mlima pamoja na dini ya watu wa mlima waende Tsum. Unapanda kwa siku kadhaa huku vilele vya Ganesh Himal vikikuchungulia, na njiani unapita kuta ndefu za mawe yaliyochongwa sala, vijumba vya ibada viitwavyo chorten, makao ya watawa wa kike ya Rachen, na pango ambalo wenyeji huamini kwamba Milarepa, mtawa na mshairi wa Tibet wa karne ya 11 na 12, alikaa humo akitafakari. Mwisho wa njia ni Mu Gompa, makao ya watawa yaliyo kwenye mita 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyewahi kulala Horombo, kambi ya Kilimanjaro, kimo hicho si kigeni.

Bonde hili lilifunguliwa kwa wageni mwaka 2008, na mpaka leo ni eneo lenye vizuizi. Huingii bila kibali maalumu cha Idara ya Uhamiaji ya Nepal, na kibali hicho huwezi kukiomba mwenyewe. Kinaombwa na wakala wa safari aliyesajiliwa huko, kwa jina lako. Hapo ndipo wengi wetu hukosea: tunaanza na tiketi ya ndege, halafu viza, wakala tunamtafuta tukiwa tumeshatua Kathmandu. Anza na wakala.

Kumpata wakala

Mtake akutumie vitu vitatu kabla hujamtumia hata senti: nakala ya usajili wa kampuni yake, uthibitisho kwamba ni mwanachama wa TAAN, chama cha mawakala wa safari za milimani nchini humo, na jina la kiongozi atakayekupeleka pamoja na nakala ya leseni yake. Wakala wa kweli hutuma vyote bila kununa. Anayekujibu kwa picha za machweo, achana naye.

Halafu mwombe mchanganuo wa bei. Usikubali jumla moja isiyo na maelezo. Kibali kiandikwe peke yake, usafiri wa gari peke yake, malipo ya kiongozi na mpagazi peke yake, bima yao peke yake. Wapagazi wa Himalaya, kama wenzao wa Kilimanjaro, ndio wanaoumia bei inapokandamizwa, kwa hiyo ukiona bei ya kushangaza jua kuna mgongo wa mtu unaoilipia.

Kama unasafiri peke yako, uliza jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi kibali cha maeneo yenye vizuizi kilitolewa kwa watu wawili au zaidi, na baadhi ya mawakala wakawa wanajaza jina la mtu asiyekwenda popote, gharama zake zikabebwa na msafiri aliyepo. Mwambie akueleze kwa maandishi sharti lililopo kwa mwezi utakaosafiri, na kama ni lazima muwe wawili, akuunganishe na mtu mwenye miguu, si jina tu.

Lipa kianzio. Salio lisubiri mpaka mkutane ana kwa ana.

Viza

Hatua hii ni nyepesi. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hupewa viza ya utalii wanapotua uwanja wa Tribhuvan, Kathmandu. Mwenye pasipoti ya Somalia anapaswa kuipata ubalozini kabla ya kusafiri. Ada ni dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, na dola 125 kwa siku 90. Chukua ya siku 30. Ya siku 15 inaonekana kutosha kwenye karatasi, lakini ukiondoa siku za kusubiri kibali, siku mbili za gari na ile moja ambayo barabara itakuwa imeporomoka, hubaki na kitu.

Fomu ya viza hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ndani ya siku 15 kabla ya kufika. Ukiwahi kuliko hapo, stakabadhi inaisha muda nawe hujapanda ndege. Ichapishe. Ukisahau, kuna mashine za kujazia pale pale uwanjani, ila foleni yake baada ya ndege mbili za Ghuba kutua pamoja si ya kumtakia adui. Ukishajaza unakwenda dirisha la malipo, kisha dirisha la kugongewa mhuri. Beba dola taslimu, noti safi zisizochanika. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake.

Na kadi ya manjano usiiache nyumbani. Nepal hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo. Mtanzania na Mnyarwanda nao waibebe tu, kwani ubishi wa orodha hauishindi karatasi iliyopo mkononi. Chanjo ichomwe siku 10 kamili au zaidi kabla ya safari. Cheti chake sasa ni cha maisha.

Kuomba kibali chenyewe

Ukifika Kathmandu wakala atahitaji pasipoti yako, ukurasa wenye viza, picha ndogo (beba sita, zitakwisha), na nakala ya bima. Yeye ataongeza barua ya kampuni, ratiba ya safari, na karatasi za kiongozi. Kisha huwasilisha maombi Idara ya Uhamiaji na kulipa ada. Mpe siku mbili za kazi. Jumamosi ofisi za serikali hufungwa, na wakati wa Dashain, sikukuu yao kubwa inayoangukia Septemba au Oktoba, zinafungwa kwa siku kadhaa mfululizo. Dashain haina tarehe moja kila mwaka kwa kalenda yetu, kwa hiyo iangalie kabla hujakata tiketi. Kama ni hamu ya kuona nchi inavyosherehekea, nenda. Kama ni karatasi unazotafuta, pisha.

Ada ya Tsum, kuanzia Septemba hadi Novemba, ni dola 40 kwa wiki ya kwanza. Desemba hadi Agosti ni dola 30. Kila siku inayozidi wiki ni dola 7. Hesabu ni ya siku utakazokuwa ndani ya eneo lenye vizuizi, si safari nzima kutoka Kathmandu. Kupanda hadi Mu Gompa, kupumzika siku moja, kupitia Rachen na kurudi huchukua kama siku tisa. Kwa hiyo Oktoba ni dola 40, jumlisha 14, unapata 54. Mimi huongeza siku moja juu yake. Ofisi iliyotoa kibali iko Kathmandu, nawe ukikwama na mvua huko Chumling, ndani ya bonde, hutakuwa na pa kwenda kuomba nyongeza.

Sasa kibali kikitoka, usikikunje na kukitia mfukoni. Kisome pale pale, wakala akiwa amesimama. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi wa majina matatu hapa ndipo tunapopatwa. Changu kiliwahi kutoka na majina mawili, la babu likiwa limedondoka njiani, na aliyekileta akaniambia halina neno. Lilikuwa na neno. Kituo cha ukaguzi cha Jagat, askari aliweka pasipoti upande huu na kibali upande ule, akavitazama kwa zamu, na nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima kiongozi wangu akitafuta mtandao apige simu Kathmandu. Nilipita, lakini kwa hisani ya askari, si kwa haki ya karatasi.

Kagua namba ya pasipoti. Kagua tarehe za kuingia na kutoka. Nepal wana kalenda yao, Bikram Sambat, iliyotangulia yetu kwa takriban miaka 57, kwa hiyo usishtuke ukiona mwaka wa ajabu kwenye mhuri, ila tarehe za kalenda yetu ziwe sahihi. Zaidi ya yote kagua njia iliyoandikwa. Kibali cha Tsum na kibali cha mzunguko wa mlima Manaslu ni viwili tofauti, ingawa safari zote mbili huanzia bonde moja la mto Budhi Gandaki. Mwenye cha Manaslu peke yake hakati kona kuingia Tsum kwa sababu tu amependezwa na mandhari. Ukitaka kuunganisha zote, ulipie zote: ya Manaslu ni dola 100 kwa wiki ya kwanza kati ya Septemba na Novemba na dola 15 kwa siku inayozidi, au dola 75 na 10 miezi mingine.

Kibali cha pili

Juu ya hicho kuna kibali cha Hifadhi ya Manaslu, rupia 3,000 za Nepal kwa mgeni wa kutoka nje ya Asia Kusini. Wakala hukichukua wakati mmoja na kile cha kwanza. Ukiunganisha na Manaslu na kuvuka Larkya La, njia ya mlimani iliyo juu ya mita 5,100, utashukia kwenye Hifadhi ya Annapurna, na hiyo nayo ina kibali chake cha rupia 3,000. Anayekwenda Tsum na kurudi kwa njia ile ile hakihitaji, na akitozwa aulize kwa nini. Uliza pia kama halmashauri ya bondeni ina ada yake, ili usikutane nayo njiani.

Bima

Ofisi inataka kuona karatasi, lakini wewe unataka kitu kinacholipa. Bima nyingi tunazokata Nairobi au Dar kwa ajili ya viza za Ulaya hazigusi kupanda milima, au zinaishia kimo fulani. Soma maandishi madogo: itaje kutembea milimani, kimo kisipungue mita 4,000 kwa Tsum (6,000 kama utavuka Larkya La), na uokoaji kwa helikopta. Namba ya dharura ya kampuni ya bima umpe kiongozi, na umwambie helikopta haiitwi kabla ya bima kupigiwa simu. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu wa helikopta za uokoaji, wagonjwa wa mafua wakisafirishwa kama mahututi ili bima ilipe.

Njiani

Gari kutoka Kathmandu hadi Machha Khola linakula siku nzima, na sehemu ya mwisho ya barabara ni ya kushikilia kiti. Kutoka hapo ni miguu. Jagat ndipo kibali kinapokaguliwa na jina kuandikwa kitabuni; mwonyeshe askari pasipoti halisi, si nakala. Nakala mbili za kila karatasi zikae kwenye begi lako, kwani kiongozi anaweza kuwa mbele yako nusu saa. Kabla ya kufika kijiji cha Lokpa unaacha njia ya Manaslu na kuingia Tsum.

Sheria moja ya huko haimo kwenye fomu yoyote. Tangu 1920 watu wa Tsum wamejifunga kutoua kiumbe ndani ya bonde lao: hawachinji, hawawindi, hata asali ya porini hawarini. Usipandishe kuku mzima kutoka Machha Khola ukamwomba mama wa nyumba ya wageni akuchinjie. Utakula wali na dengu, asubuhi na jioni, na Mwislamu aliyekuwa na wasiwasi wa halali atakuta umekwisha wenyewe. Kuta za sala na chorten zipite zikiwa mkono wako wa kulia. Viatu vinavuliwa mlangoni mwa hekalu, na picha ndani yake huombwa kwanza. Droni iache nyumbani, ina kibali chake kingine kabisa.

Ukirudi Jagat hakikisha jina lako limeandikwa kwamba umetoka. Ukifika Kathmandu tazama tarehe ya viza: ikiwa imebana, nenda Idara ya Uhamiaji kabla haijaisha, nyongeza ni dola 3 kwa siku na hawauzi chini ya siku 15, yaani dola 45. Ikishapita, faini ya dola 5 kwa siku inaongezwa juu yake.