Kuandika karatasi ya alama ya besiboli: mchezo wa 7, Twins na Braves, 1991

Mchezo wa 7 wa World Series (fainali ya besiboli ya Marekani) ya 1991 ulichezwa Oktoba 27 mjini Minneapolis, ndani ya Metrodome. Minnesota Twins waliwashinda Atlanta Braves 1-0 katika awamu 10. Timu zote mbili zilikuwa zimeshika mkia katika makundi yao mwaka 1990, na michezo mitano kati ya saba ya fainali hiyo iliamuliwa kwa tofauti ya mkimbio mmoja (alama anayopata mchezaji akizunguka besi zote na kurudi nyumbani). Kwa anayejifunza kuandika alama, sijui rekodi nyingine inayofaa kuliko hii: mikimbio ni mmoja tu, lakini karibu kila jambo gumu la uandishi limo.

Hatua ya 1: Karatasi. Chukua A4 mbili, zilaze, kila timu na yake. Piga mistari 9 ya wapigaji na safu 10 za awamu. Katika kila kisanduku chora almasi ndogo: pembe ya chini ni nyumbani, ya kulia besi ya 1, ya juu besi ya 2, ya kushoto besi ya 3. Kwa Twins, mstari wa 5 uwe na nafasi ya majina matatu, na wa 9 majina matano. Wengi huacha nafasi ya jina moja, na wakifika awamu ya 9 karatasi imeshachafuka. Tumia penseli.

Hatua ya 2: Namba za walinzi. Mrushaji ni 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu 6, kisha uwanja wa nyuma kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Kosa la kawaida ni kumpa shotistopu 5 kwa sababu anasimama kabla ya besi ya tatu. Jingine ni kuchanganya namba ya ulinzi na zamu ya kupiga: Kent Hrbek wa Twins anapiga wa 4, lakini kwenye ulinzi ni 3.

Hatua ya 3: Fungua video ya mchezo, anza na awamu ya 8, nusu ya kwanza, Braves wakipiga. Usianze na awamu ya 1. Hapa ndipo Braves walipoupoteza mchezo, na mkono wako utajifunza haraka.

Bado 0-0, Jack Morris wa Twins anarusha. Lonnie Smith anapiga na kufika besi ya 1: andika 1B, chora mstari kutoka nyumbani hadi pembe ya kulia. Terry Pendleton anapiga mpira mrefu kati ya kushoto na katikati: 2B. Sasa simamisha video na uirudishe, umtazame Smith badala ya mpira. Karibu na besi ya 2 anasita, huku walinzi wa Twins, Chuck Knoblauch na Greg Gagne, wakiigiza kana kwamba mpira uko mikononi mwao. Smith anaishia besi ya 3. Kwenye kisanduku chake chora hadi pembe ya kushoto na ukome hapo; usimfikishe nyumbani kwa mazoea, eti kwa kuwa mpira ulikuwa wa besi mbili.

Ron Gant anapiga mpira dhaifu kwa Hrbek, auti ya kwanza, wakimbiaji hawasogei. David Justice anapewa besi ya bure kwa makusudi: IBB. Besi zimejaa. Sid Bream anampigia Hrbek, Hrbek anarusha nyumbani kwa mdakaji Brian Harper, Harper anamrudishia: 3-2-3, auti mbili kwa pigo moja. Auti ya pili iandike kwenye kisanduku cha Smith, maana ndiye aliyezimwa nyumbani. Ya tatu kwenye cha Bream. Ukiziweka zote kwa Bream, hesabu ya mwisho itakataa.

Hatua ya 4: Nusu ya pili, ujipime. Twins nao wanajaza besi. Hrbek anapiga mpira wa hewani, Mark Lemke wa Braves, mlinzi wa besi ya 2, anaudaka na kukanyaga besi ya 2 kabla Knoblauch hajarudi. Auti zote mbili zinachukua namba 4, bila mstari wa kurushiana.

Hatua ya 5: Mabadiliko. Mchezaji akiingia, piga mstari wima mwanzoni mwa kisanduku chake cha kwanza na jina liende chini ya la zamani. Mrushaji akibadilika, piga mstari wa mlalo juu ya mpigaji wa kwanza anayemkabili. John Smoltz, mrushaji wa Braves, anatoka kukiwa na auti moja katika awamu ya 8, Mike Stanton anamfuata, kisha Alejandro Peña katika awamu ya 9 kabla ya auti yoyote.

Hatua ya 6: Awamu ya 10. Dan Gladden 2B, Knoblauch bunti ya kujitoa (anaugusa mpira taratibu, yeye anatolewa ili Gladden asogee), Kirby Puckett IBB, Hrbek IBB. Gene Larkin anaupiga mpira juu ya walinzi waliosogea mbele, Gladden anaingia. Andika 1B. Wengi huandika 2B kwa kuwa mpira ulikwenda mbali, lakini Gladden alikuwa besi ya 3 na alihitaji besi moja tu kumaliza mchezo. Mpigaji hupewa kiasi hicho hicho.

Hatua ya 7: Hakiki. Kwa kila nusu awamu, idadi ya waliopiga lazima iwe sawa na mikimbio + auti + waliobaki kwenye besi. Nusu ya kwanza ya awamu ya 8: 5 = 0 + 3 + 2. Nusu ya mwisho ya mchezo: 5 = 1 + 1 + 3, ukimhesabu Larkin kati ya waliobaki.

Kisha warushaji wa Braves, kwa awamu walizorusha: Smoltz 7.1, Stanton 0.2, Peña 1.1. Namba baada ya nukta ni auti, si desimali, kwa hiyo ni 22 + 2 + 4 = auti 28. Ukizijumlisha kwa kikokotoo utapata 8.4, jibu lisilo na maana. Upande wa pili Morris ana awamu 10 kamili: 1B na 2B kwenye karatasi ya Braves zifike 7, besi za bure 2 pamoja na ile ya Justice, na K (mpigaji kutolewa kwa straiki tatu) ziwe 8. K ikipungua, rudia awamu ambayo auti zake hazifiki tatu.